Beta ana doa la kijivu mgongoni na mkia unachanika (Mtwara, maji magumu): nianze na dawa gani?

Mwana_Chikongola

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa samaki wa pambo, beta dume wa mapezi marefu. Naweka taarifa zote ninazoweza ili msipate shida ya kuniuliza moja moja.

Tangi ni la kioo, lita 15, maji yaliyomo kama lita 12. Yuko peke yake. Filta ni sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Hita sina, maana msimu huu chumba kinafika nyuzi 31 mchana. Kipimajoto cha ndani ya maji kinasoma 30, usiku 28. Maji ni ya bomba, nayalaza siku moja kwenye ndoo. Ni magumu sana, birika linashika utando mweupe ndani ya wiki mbili. Karatasi za kupimia zinaonyesha pH 8, ugumu uko kwenye rangi ya juu kabisa, nitraiti kati ya 0.5 na 1. Amonia haimo kwenye karatasi hizi.

Jumamosi nilisafisha tangi lote. Sponji niliikamua chini ya bomba mpaka ikatoa maji safi, changarawe nikaiosha, maji nikabadilisha yote. Jumatatu akaanza kukaa juu karibu na uso wa maji, mapezi kayabana, anahema haraka haraka. Jumanne ncha za mkia zikachanika, kingo zikawa nyeusi. Leo Alhamisi ana doa la kijivu mgongoni, chini ya pezi la juu, ukubwa wa punje mbili za mchele zikilazwa sambamba. Chakula anakifuata, anakishika, anakitema.

Nilichoweka mpaka sasa ni chumvi ya mezani, kiasi cha kushika kwa vidole viwili, na jana usiku nusu ya kapsuli ya tetrasaiklini ya mg 250. Maji yamekuwa ya njano, leo yanaelekea kahawia na yana povu.

Je, hii ni fangasi? Dukani wamenishauri GV. Jirani anasema nichemshe mwarobaini. Pia nimesoma mahali kwamba nipandishe joto. Nianze na lipi?

---

FundiTangi_Lindi

Ndugu, usianze na lolote kati ya hayo matatu. Anza na maji, na uanze usiku huu.

Sponji ndiyo makazi ya bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa nitraiti, kisha nitreti ambayo haina madhara makubwa. Ulipoikamua bombani, klorini iliua sehemu kubwa ya bakteria hao, na changarawe ukaiosha siku hiyohiyo. Tangi likarudi kuwa tangi jipya, samaki akiwa ndani. Nitraiti unayoiona ni ushahidi. Kwenye tangi lililokomaa inatakiwa isome 0.

Amonia huioni kwa sababu karatasi nyingi hazina kipimo chake. Tafuta kile cha matone kwenye kichupa. Na kwa maji yako jambo hili ni zito kuliko kwa mtu mwenye maji laini. Amonia ndani ya maji ina sura mbili, moja mbaya sana na nyingine ya afadhali, na kinachoamua ni pH na joto. Kwa pH 7 na nyuzi 30, sehemu mbaya haifiki 1 kwa mia. Kwa pH 8 na joto hilohilo, inakuwa kama 7 kwa mia. Yaani amonia ileile, sumu karibu mara kumi. Kingo nyeusi za mkia na kuhema juu juu vinaendana na kuunguzwa na amonia pamoja na nitraiti kuziba damu isibebe hewa vizuri. Beta anaweza kuvuta hewa ya juu kwa kile kiungo chake cha kichwani, ndiyo maana bado yu hai. Samaki wa aina nyingine angekwisha kufa.

Sasa fanya hivi. Tafuta ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 10, isiyowahi kukaa rangi wala sabuni. Weka lita 6 za maji. Kama huna yaliyolala, chemsha ya bomba dakika 15 hadi 20, yaache yapoe na utando utulie chini, kisha mimina yale ya juu tu. Kuchemsha kunaondoa klorini, na pia kunapunguza sehemu ya ugumu, ule utando wa birika ndio ugumu wenyewe umetoka. Lakini maji yaliyochemshwa hayana hewa. Yamimine kutoka ndoo moja hadi nyingine mara 15 au 20, au yapulizie pampu saa moja. Joto lake lisipishane na la tangi kwa zaidi ya nyuzi 1.

Mhamishe kwa kikombe. Wavu utachana mapezi zaidi na kufuta ute unaomkinga. Funika ndoo, acha nafasi ya hewa ya sentimita 5 au zaidi juu ya maji, maana beta huruka. Badilisha lita 3 asubuhi na lita 3 jioni kwa siku tatu za mwanzo.

Chumvi: kibano cha vidole viwili si dozi. Lengo ni gramu 2 kwa lita, kwa hiyo gramu 12 kwa ndoo yako. Kijiko cha chai kinadanganya, kwa sababu chumvi laini kijiko kimoja ni kama gramu 6 na ya mawe ni pungufu. Pima gramu 100 kwa mizani ya jikoni, koroga, ongeza maji mpaka ijae lita 1. Kila ml 10 za maji hayo ni gramu 1 ya chumvi. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano: ml 40 sasa, ml 40 baada ya saa 8, ml 40 baada ya saa 8 nyingine. Ukibadilisha lita 3, rudisha chumvi ya lita hizo 3 tu, usirudie dozi nzima. Hapo ndipo wengi wanakosea, chumvi inapanda siku hadi siku bila wao kujua.

Chumvi hii ina kazi ya pekee kwako: kloridi inashindana na nitraiti kwenye mashavu, inaizuia isiingie kwenye damu. Chumvi ya mezani yenye madini joto haina neno. Ile ghafi ya kwenye mashamba ya chumvi, yenye udongo, iache. Na usichote maji ya bahari, hata kama uko hatua mbili kutoka ufukweni.

---

Tabibu_wa_Samaki

Naunga mkono ya maji. Naongeza upande wa ugonjwa, kwa sababu lile doa si amonia peke yake.

Chukua tochi, zima taa ya chumba, mmulike kutoka ubavuni, si kutoka juu. Tazama doa kwa dakika nzima. Fangasi wa kweli ana nyuzi, anasimama kama pamba iliyochambuliwa na zinapepea samaki akigeuka. Ukiona punje nyeupe moja moja kama chumvi zimetawanyika mwilini na kwenye mapezi, huyo ni kimelea wa madoa meupe. Ukiona vumbi la dhahabu au la kutu linalong'aa kichwani na shingoni, hiyo ni velveti, nayo inahitaji giza na dawa tofauti kabisa. Na kama doa limelala bapa, halina nyuzi, limemkalia mgongoni kama tandiko la punda, na ukingo wake una unjano hafifu, basi fikiria kolumnarisi. Huyo ni bakteria, ingawa watu wengi wanamwita fangasi na kumtibu hivyo mpaka samaki anakufa.

Kwa maelezo yako naelekea huko. Mahali lilipo doa, kasi yake na joto la maji vinafanana. Bakteria huyu anasubiri samaki aliyejeruhiwa ngozi au mashavu, na amonia ilishamfungulia mlango.

Kwa hiyo joto lisipande. Ushauri wa kupandisha joto ni wa madoa meupe, kwa sababu kimelea yule anamaliza mzunguko wake haraka na zaidi ya nyuzi 30 anashindwa. Kolumnarisi kwenye joto hilo inashamiri, na inaweza kumaliza samaki kwa siku moja au mbili. Wewe shusha. Lengo ni 25, ukishindwa hata 26 inasaidia. Weka ndoo ya samaki ndani ya beseni lenye maji, kisha tumbukiza chupa ya nusu lita ya barafu kwenye beseni, siyo kwenye ndoo. Elekeza feni kwenye uso wa maji. Feni peke yake huku pwani haishushi sana kwa sababu hewa imejaa unyevu. Ishuke nyuzi 1 kila saa mbili, si zaidi.

Tetrasaiklini uliyoweka majini haikufanya kazi yoyote ya maana. Kalsiamu na magnesi za maji magumu zinaikamata na kuifunga. Ule ukahawia ni dawa inayoharibika kwa mwanga. Ulichopata ni maji machafu, na mabaki ya bakteria wa filta wakaguswa kidogo. Dawa ya kundi hilo inafaa zaidi ikipita tumboni. Kwa kambare wa kufugwa Marekani, kipimo kilichoidhinishwa cha oksitetrasaiklini kwenye chakula ni mg 55 hadi 83 kwa kilo ya samaki kwa siku, kwa siku 10. Beta ana gramu 3 hivi, kwa hiyo anahitaji kama mg 0.2 kwa siku. Kiasi hicho hukipimi kwa jicho. Njia ni kuyeyusha mg 250 kwenye ml 70 za maji laini, hapo kila ml 1 ina karibu mg 3.5. Lowesha gramu 1 ya chakula kwa ml 1, ikauke kivulini, tunza kwenye friji. Akila mg 60 za chakula hicho kwa siku, amepata dozi yake. Lakini afisa mifugo aitazame dawa kwanza. Zile pakiti za unga za kuku zina vitamini na asilimia tofauti za dawa, hesabu hii haizihusu.

Hilo lote linategemea kama anameza. Samaki anayetema, dawa ya chakula haimfikii. Ndiyo maana siku mbili za kwanza ni maji, chumvi na joto, ili arudishe hamu.

GV usiweke. Watu wanaichanganya na methilini bluu kwa sababu ya rangi. GV ni zambarau, ni dawa ya vidonda vya binadamu, na haina nafasi ndani ya ndoo ya samaki. Methilini bluu ya asilimia 1 ni kitu kingine: ml 0.3 kwa lita, ndani ya ndoo ya matibabu tu, inasaidia kwenye nitraiti na kwenye fangasi wa nje. Kwa kolumnarisi ni dhaifu. Pamanganeti nayo iache. Inatumika kwenye mabwawa kwa mg 2 kwa lita, ila kwa lita 6 makosa ni rahisi mno, na kwenye maji ya pH ya juu inaacha mashapo yanayoganda kwenye mashavu.

Ukitaka uhakika, kinachotakiwa ni hadubini na ute kidogo uliokwanguliwa kwenye ukingo wa doa. Bakteria huyu ni fimbo ndefu nyembamba zinazojikusanya kama vichuguu vya majani makavu. Jina lake limetokana na nguzo hizo. Mikindani kuna kampasi ya FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi. Nenda ukaulize kama kuna mtu wa kukuangalizia.

---

Mwana_Chikongola

Asanteni sana wakuu. Nimemulika kwa tochi. Hakuna vumbi la dhahabu, hakuna punje. Doa limelala bapa kabisa, halina nyuzi, na ukingo wa upande wa mkia una unjano. Yuko kwenye ndoo tangu saa 4 usiku, chumvi ml 80 zimeshaingia, joto 27. Kuna mtu ameniazima kipimo cha matone: maji ya tangi la zamani yamesoma amonia 2.

Hema yake imepungua kidogo. Majani ya mkungu yanafaa? Huku Shangani yako mengi chini ya miti. Na mwarobaini je? Nilisahau pia kuuliza kuhusu chumvi ya haluli, nayo niongeze?

---

Bi_Shangani

Mwanangu, mwarobaini usiuguse. Ni dawa nzuri ya wadudu wa shambani, na hiyohiyo nguvu yake inadhuru samaki. Majani yake yaliyochemshwa hayana kipimo, huwezi kujua umeweka kiasi gani.

Mkungu ni sawa, ndio mti ambao wafugaji wa beta kule Thailand, kwao samaki huyu, wanatumia majani yake. Ila ujue kazi yake. Unatoa rangi ya chai na tanini, unatuliza samaki, unazuia bakteria na fangasi kwa kiasi kidogo. Hauponyi kolumnarisi iliyokwisha kushika. Na usitarajie ushushe pH yako, maji magumu ya huku yanaimeza ile asidi bila kusogea.

Okota jani lililoanguka lenyewe, jekundu au la kahawia, limekauka mpaka linavunjika ukilikunja. La kijani hapana. La kando ya barabara ya magari au karibu na mikorosho inayopuliziwa salfa na dawa nyingine, hapana pia. Lioshe, limwagie maji ya moto, liache lipoe. Kwa ndoo ya lita 6 tumia robo ya jani, maana jani zima la mkungu linatosha lita 20 na zaidi. Liondoe likianza kulegea na kuteleza.

Ukitaka maji laini kwa ajili ya siku za mbele, tumia mvua, ila kinga moja kwa moja kwa beseni safi uwanjani. Maji ya paa la bati yanabeba zinki, na zinki kwenye maji laini ni sumu kwa samaki. Na usimweke kwenye maji ya mvua matupu, hayana kitu cha kushikilia pH. Changanya nusu kwa nusu na ya bomba, na ubadili kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Chakula: kesho na keshokutwa usimpe kitu, hatakufa. Siku ya tatu mpe viluwiluwi vya mbu viwili au vitatu, vinavyocheza, vya kwenye ndoo yako ya maji safi na si vya mtaroni. Beta aliyekataa punje mara nyingi anashindwa kuviacha. Akishavila, ndipo mchanganyie na kile chakula chenye dawa.

Na mikono yako. Usimshughulikie ukiwa na kidonda, na nawa kwa sabuni baada ya kila kazi. Wavu, kikombe na mpira wa kunyonyea maji visitumike kwenye tangi jingine.

---

FundiTangi_Lindi

Haluli ya chumvi hapana kwa sasa. Hiyo ni ya tumbo lililovimba au choo kigumu: gramu 1 hivi kwa lita, na ni magnesi, haina ile kloridi inayokukinga na nitraiti. Wengi wanachanganya hizi mbili kwa sababu zote zinaitwa chumvi. Samaki wako hajavimba.

Amonia 2 kwa pH 8 ni nyingi mno. Asirudi kwenye tangi lile.

Tangi lenyewe, kwa kuwa bakteria wazuri wameshakufa, hupotezi kitu ukilisafisha kabisa. Mwaga maji, toa sponji na changarawe, vianike juani siku tatu nne vikauke kabisa hadi ndani. Kolumnarisi haivumilii kukauka. Kioo kisugue, nacho kikauke. Kisha jaza upya, washa filta, na kila siku tia chakula kidogo, punje tatu hivi, kama vile kuna samaki. Amonia itapanda, nitraiti itapanda, halafu zote zitashuka. Kwa joto la huku inachukua kama wiki nne. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi la mtu lenye samaki wazima, muda unapungua sana. Amonia na nitraiti zikisoma 0 mfululizo wiki nzima, tangi liko tayari. Baada ya hapo sponji isuuzwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, mikamuo miwili mitatu, ibaki na ukahawia wake. Na usibadilishe maji yote, robo kwa wiki inatosha.

Mkaa wa kupikia usiutie kwenye filta kwa kudhani utafyonza dawa. Wa kazi hiyo ni mkaa ulioamshwa, unatengenezwa tofauti.

---

Tabibu_wa_Samaki

Kuanzia hapa angalia mambo machache. Pima upana wa doa kila siku kwa kulinganisha na zile punje za mchele, piga picha pembeni ileile na mwanga uleule. Likisimama bila kukua kwa saa 48, unashinda. Kwenye mkia, ukingo mweusi usikutishe, mara nyingi ni kovu la kuungua. Kinachotisha ni ukingo mweupe unaolegea, au mistari ya damu inayopanda kuelekea shina la mkia. Pezi jipya huota kama utando mwangavu usio na rangi, rangi inafuata baadaye. Usidhani ni fangasi ukaanza dawa upya.

Akianza kula, kamilisha siku 10 za chakula chenye dawa hata kama doa limeondoka siku ya nne. Chumvi ipunguze kwa kubadilisha maji bila kurudisha, lita 2 kila siku, na baada ya siku nne tano itakuwa imebaki kidogo sana. Ndani ya ndoo anaweza kukaa wiki kadhaa ukibadilisha nusu ya maji kila siku.

Sasa upande mwingine. Magamba yakisimama kama ganda la nanasi ukimtazama kutoka juu, na tumbo limejaa, figo zimeshindwa. Hapo wachache sana wanarudi. Akilala chini ubavu hata kupanda kuvuta hewa hawezi, kumwacha ni kumtesa. Mafuta ya karafuu ndiyo njia ya upole: ml 0.4 kwa kila lita. Hayayeyuki yenyewe, yatikise kwa nguvu ndani ya chupa ndogo yenye maji ya uvuguvugu mpaka yawe meupe kama maziwa. Mimina kidogo kwanza alale, kisha yaliyobaki. Mashavu yakisimama, subiri dakika 30 kamili kabla ya kumtoa.

Kwa hema iliyopungua usiku wa kwanza, sidhani utafika huko. Kesho asubuhi pima amonia ya maji ya ndoo kabla ya kubadilisha, ulete namba.

---

Mwana_Chikongola

Asubuhi saa 1: amonia ya ndoo 0.25, nitraiti 0, joto 26. Doa bado punje mbili, halijakua. Mapezi ameyafungua nusu. Nimebadilisha lita 3 na kurudisha chumvi ml 60.

---

FundiTangi_Lindi

Hesabu ya chumvi iko sawa kama zile ml 120 zilikuwa zimekamilika. Hiyo 0.25 ndiyo sababu ya kutoruka zamu ya jioni.